MASWALI YA WASOMAJI: Nani aliyewapanga viumbe, na kwanini wanapangwa upya kila leo?

Toleo lililopita tuliweka kisanduku kidogo tu, sentensi tatu nne, kikisema kamongo wa Ziwa Victoria ana undugu wa karibu zaidi na ng'ombe kuliko alionao na sato. Meseji zimekuja nyingi kweli kweli. Wengine wanabisha, wengine wanataka kujua ni nani aliyepewa mamlaka ya kuamua huyu ndugu wa huyu, na mzee mmoja kaandika kurasa mbili kwa mkono. Kwaiyo mwezi huu nimeweka pembeni maswali ya presha na ya simu zinazopata moto, tunaongea hili tu: viumbe walipangwaje kwenye makundi, na hiyo mipango ilitokea wapi.

*

*Mwalimu shikamoo. Niko kidato cha tatu hapa Morogoro. Darasani tunaambiwa baba wa uainishaji ni Carl Linnaeus ila kaka yangu yuko chuo anasema ni Aristotle. Nani yuko sahihi? Na kabla yao watu walikuwa hawapangi viumbe?*
– Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba mwanangu. Kila mmoja kashika kipande chake, ila swali lako la mwisho ndo zuri kuliko yote, naanza nalo. Watu wamepanga viumbe tangu zamani sana kabla hajatokea wa kuandika kitabu, maana huwezi kuishi porini au baharini bila kupanga. Mvuvi wa Pemba hachanganyi changu na tasi, na anayechimba dawa anajua mizizi miwili inayofanana ipi inaponya na ipi inaua. Mwaka 1928 Mjerumani mmoja anaitwa Ernst Mayr, mtaalamu wa ndege, alienda milima ya Arfak kule New Guinea akakuta wenyeji wana majina ya ndege yanayolingana karibu moja kwa moja na spishi, yaani aina za viumbe, alizokuwa anazitambua yeye kwa elimu yake ya makumbusho. Mi hilo naliona kubwa sana, watu wa msituni na mtu wa makumbusho hawajawahi kukaa pamoja na bado wanaona mipaka ile ile, maana yake spishi nyingi zipo kweli huko nje, hazikutungwa na mtu mezani.

Sasa Aristotle alichoongeza ni swali la aina nyingine. Yeye alikuwa Mgiriki, aliishi miaka ya 384 hadi 322 kabla ya Kristo, na kuna kipindi alikaa kisiwa cha Lesbos, akawa anawachunguza samaki na pweza wa kule kwenye lagun na kuwauliza wavuvi mambo yao. Badala ya kuuliza mnyama huyu analiwa au haliwi yeye aliuliza ana damu au hana, anazaa au anataga, anapumua kwa nini. Kwenye maandishi yake kuna wanyama zaidi ya aina 500. Na alikuwa makini mno: aliona pomboo anapumua hewa, anazaa na ananyonyesha, kwaiyo akamtenga na samaki. Aliandika pia kwamba kuna papa ambaye mtoto wake tumboni anaunganishwa na mama kwa kondo la nyuma, watu wakaja kuliona kama hadithi tu mpaka Mjerumani Johannes Müller alipothibitisha mwaka 1842, zaidi ya miaka elfu mbili baadae. Alikosea pia, mfano aliamini baadhi ya wadudu wanatokea wenyewe kwenye uozo, ila kwa mtu asiye na hata lenzi ya kukuzia mi namheshimu. Mwanafunzi wake Theophrastus akafanya hivo hivo kwa mimea, akaigawa kwa miti, vichaka na majani.

Vitabu vingi vikifika hapo vinaruka moja kwa moja hadi Ulaya ya miaka ya 1500 kama vile katikati dunia ililala, na hilo linaniuma. Basra, kule Iraq, karne ya 9, alikuwepo al-Jahiz, akaandika kitabu kikubwa cha wanyama cha juzuu saba akiwagawa kwa mwendo wao, wanaotembea, wanaoruka, wanaoogelea, wanaotambaa. Karne hiyo hiyo al-Dinawari akaandika kitabu cha mimea. Elimu ya Wagiriki ilitunzwa na kuongezewa kwa Kiarabu kabla haijarudi Ulaya.

Alafu meli zikaanza kuzunguka dunia na hapo ndo mambo yakaharibika kwa maana nzuri, yaani mimea ikafurika. Wagiriki walikuwa wanahangaika na mimea mia tano sita hivi, ila ilipofika 1623 Caspar Bauhin wa Basel aliorodhesha kama 6,000, na nyingi zilikuwa na majina matatu manne tofauti kila mji jina lake. Andrea Cesalpino wa Italia alishajaribu mwaka 1583 kuipanga kwa matunda na mbegu. Muingereza John Ray mwaka 1686 akatoa maana ya spishi ambayo mtoto wa shule anaweza kuielewa: mimea ikitofautiana rangi au ukubwa lakini imetoka kwenye mbegu ya mmea mmoja, hiyo ni spishi moja. Kwa mimi Ray angepaswa kutajwa darasani kila siku na hatajwi.

Linnaeus ndo akaja kwenye hiyo vurugu. Msweden, kazaliwa 1707, na 1735 akiwa Uholanzi akachapisha kitabu chake cha kwanza cha mfumo wa maumbile, kurasa kubwa kumi na kitu tu. Toleo la kumi la 1758, sehemu ya wanyama peke yake ilipita kurasa 800. Alichokifanya vizuri ni kuweka ngazi zinazoingiana, spishi ndani ya jenasi, jenasi ndani ya oda, oda ndani ya klasi, klasi ndani ya himaya (kama ya wanyama au ya mimea), na kumpa kila kiumbe jina fupi. Ndo maana anaitwa baba. Ila kwa mtihani wako kumbuka kwamba mpango wake wa mimea ulikuwa wa kubuni, wa kurahisisha kutafuta, sio wa asili: alihesabu stameni, zile sehemu za kiume za ua, akapata klasi 24, na matokeo yake mnyonyo ukaangukia klasi moja na msonobari, mimea ambayo hata ukiitazama kwa mbali unaona haina uhusiano. Mwenyewe alijua hilo na alikiri kwamba mpango wa asili bado unatafutwa. Mfaransa Antoine-Laurent de Jussieu ndo akausogeza 1789 kwa kuangalia sifa nyingi kwa pamoja, akapata makundi 100, na mengi ya hayo ni familia tunazozitumia mpaka leo.

*

*Salaam aleikum mwalimu. Niko Muscat ila asili yangu Unguja. Nimeona kwenye chati ya samaki majina ya ajabu Lethrinus, Siganus, Chanos, alafu mbele yake pengine kuna jina la mtu kwenye mabano. Kwanini yawe mawili mawili na kwanini Kilatini?*
– Msomaji, Muscat

Waaleikum salaam ndugu yangu. Kabla ya Linnaeus jina la kitaalamu lilikuwa sentensi nzima. Nyanya, hii hii ya kachumbari, ilikuwa inaitwa *Solanum caule inermi herbaceo, foliis pinnatis incisis*, na hapo bado kuna maneno yanafuata, yaani jina lilikuwa ni maelezo ya mmea mzima, shina halina miiba, majani yamegawanyika hivi na hivi, na spishi mpya ikigunduliwa inabidi maelezo yaongezwe ili zisichanganyike. Linnaeus akasema tuweke jina la jenasi na neno moja la kutambulisha basi, nyanya ikawa *Solanum lycopersicum*. Akafanya hivo kwa mimea yote aliyoijua kwenye kitabu cha 1753 na kwa wanyama 1758, na mpaka leo hiyo miaka miwili ndo mstari wa kuanzia, jina lolote la nyuma ya hapo halihesabiki kisheria. Kilatini kilichaguliwa kwa kuwa ndo lugha ya wasomi wa Ulaya wakati ule, faida yake leo ni kwamba si lugha ya taifa lolote kwenye siasa zetu.

Jina la mtu linalofuata ni la aliyemwelezea kiumbe huyo kwa mara ya kwanza, na mabano maana yake tangu hapo kahamishwa jenasi. Kwenye chati yako nina uhakika jina linalojirudia ni Forsskål, na huyu nawaomba mumjue. Peter Forsskål alikuwa mwanafunzi wa Linnaeus. Mwaka 1761 aliondoka Copenhagen na msafara wa mfalme wa Denmark kwenda Misri na Yemen, watu sita, na katika hao sita alirudi mmoja tu, Carsten Niebuhr. Forsskål alikufa kwa malaria mwaka 1763 mji wa Yarim huko Yemen, kijana wa miaka 31. Niebuhr akachukua makaratasi ya mwenzie akayachapisha 1775. Ndo maana changu wetu kadhaa, tasi na mwatiko wana mwaka 1775 mbele ya majina yao, samaki wa Bahari ya Shamu ni wale wale wanaoshuka mpaka Lamu na Unguja. Alikuwa akiwakausha ngozi na kuwabandika kwenye karatasi kama majani, na ngozi hizo bado zipo makumbusho ya Copenhagen zinaangaliwa na wataalamu. Na hakutunga majina kichwani, mengi aliyachukua kwa wavuvi wa Kiarabu: Siganus, harak, bohar, hayo ni maneno ya wavuvi yaliyovalishwa Kilatini. Wavuvi wenyewe hawakuandikwa popote.

*

*Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu Kisumu na kamongo nimempika maisha yangu yote. Ana mapezi, anaishi kwenye maji, ni samaki. Ng'ombe anaingiaje hapo jamani?*
– Mama watoto, Kisumu

Mama, kamongo ni samaki na endelea kumpika. Tofauti iko kwenye swali tunalouliza. Wewe unauliza anafanana na nani, wataalamu wa leo wanauliza mzee wao wa mwisho wa pamoja alikuwepo lini. Chukua ukoo wako, unaweza kufanana sura na binamu kuliko dada yako wa tumbo moja, na bado dada ndo wa karibu kwa sababu mzazi wenu ni mmoja. Ukoo wa sato na ukoo wa kamongo uliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Upande wa sato ukabaki na mapezi ya miale myembamba. Upande wa kamongo mapezi yana nyama na mfupa ndani, na kamongo ana mapafu kabisa, ndo maana ziwa likikauka anajichimbia kwenye tope anasubiri mvua. Kutoka upande huo huo, baadae, wakatokea wenye miguu minne: chura, mjusi, ndege, ng'ombe, wewe na mimi. Kwaiyo kamongo na ng'ombe wana mzee wa pamoja ambaye sato hayuko kwenye ukoo wake. Ni hesabu ya nasaba tu.

Wazo hili si la juzi. Muingereza Charles Darwin kwenye kitabu chake cha 1859 cha asili ya spishi alisema wazi uainishaji wa kweli ni wa nasaba, na picha pekee iliyomo kwenye kitabu chote kile ni mchoro wa matawi. Kabla ya hapo alishakaa miaka 8 anachambua wale viumbe wagumu wanaoganda kwenye mawe na matumbo ya majahazi, kwaiyo alijua taabu ya kazi hiyo kwa mikono yake. Ila watu waliendelea kuchanganya nasaba na sura mpaka alipokuja Mjerumani Willi Hennig, mtaalamu wa nzi. Rasimu ya kitabu chake aliiandika mwaka 1945 akiwa mateka wa vita mikononi mwa Waingereza huko Italia, ikachapishwa 1950, na Kiingereza 1966. Kanuni yake ni kali: kundi halali ni mzee mmoja na wazao wake wote, ukimwacha nje mzao hata mmoja kundi limevunjika. Ukiishika hiyo kanuni mambo mengi yanageuka. Mamba ndugu yake wa karibu ni ndege, sio mjusi, kwaiyo reptilia bila ndege si kundi. Nyangumi, ambaye Linnaeus 1758 ndo alimtoa kwenye samaki akamweka kwa wanyonyeshao, leo anakaa ndani kabisa ya ukoo wa wenye kwato na ndugu yake wa karibu aliye hai ni kiboko.

Na kuna moja ya Afrika ambayo mi sichoki kuieleza. Mwaka 1998 watafiti wa vinasaba (DNA) walilipa jina kundi la Afrotheria, ukoo wa wanyama ulioanzia bara letu hili, na humo ndani kuna tembo, pimbi, nguva, muhanga na sange yule mdogo mwenye pua ndefu anayekimbia kwenye majani makavu. Sange alizungushwa miaka mingi, mara awekwe na wala wadudu kama kirukanjia, mara asogezwe karibu na sungura, kumbe jamaa zake ni tembo. Ukiwaweka mbele yako huwezi kukubali, na mifupa peke yake haikutosha, ila vinasaba vimepimwa na kurudiwa na jibu ni lile lile.

Mzee wa Tanga aliyeandika kurasa mbili kuhusu silikanti, jibu lako ni hapa hapa: yule samaki aliyedhaniwa ameisha toka enzi za madinosa mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa kwenu Tanga wamekuwa wakimtoa kwenye nyavu toka 2003, yuko upande wa kamongo na ng'ombe, sio upande wa sato.

*

*Nafundisha bayolojia Njombe. Vitabu vinasema himaya 5, intaneti inasema domeni 3, migunga imebadilishwa jina, twiga nasikia sasa ni wanne. Watoto wananiuliza kama sayansi ina msimamo. Niwaambieje?*
– Mwalimu mwenzio, Njombe

Mwalimu mwenzangu pole na hongera kwa kazi. Mi ningewaambia ukweli, kwamba kila badiliko lina sababu yake na sababu zenyewe si za aina moja.

Himaya tano ni za Robert Whittaker, Mmarekani, 1969. Kabla yake Ernst Haeckel mwaka 1866 alishaona kwamba wanyama na mimea haitoshi, akatenga viumbe vidogo kundi lao. Whittaker akawatoa na fangasi kwenye mimea, na alikuwa sahihi, leo tunajua uyoga una undugu na wanyama kuliko na mchicha. Alafu 1977 Carl Woese na George Fox, Marekani, wakawa wanalinganisha molekuli moja iliyomo kwenye kila seli hai, ile ya kiwanda cha protini, wakakuta viumbe wanaotoa gesi ya methani ambao kwa hadubini ni bakteria tu ila ndani wako mbali na bakteria kama tulivyo mbali sisi. Hao ndo akea. Mwaka 1990 Woese na wenzake wakapendekeza domeni tatu, Bakteria, Akea na Yukaria, yaani wenye seli zenye kiini, na mimea, wanyama na fangasi wote tukaingia kwenye ya tatu. Kwaiyo domeni haijafuta kila kitu cha Whittaker, ila ule mfuko wake wa Monera, alimowaweka bakteria wote, umepasuka, na ule wa viumbe vidogo wengine nao si ukoo mmoja. Kwa mtihani wajibu mtaala unavyotaka, ila waelezwe.

Twiga ni habari ya ushahidi kuongezeka. Linnaeus 1758 alimweka jenasi moja na kulungu wa Ulaya! Baadae akapata jenasi yake, akahesabiwa spishi moja karne na karne, mpaka utafiti wa vinasaba wa 2016 ukaonyesha makundi manne yasiyochanganyika sana, na 2025 IUCN, shirika la dunia la uhifadhi wa maumbile, likakubali wanne. Twiga wetu wa Kimasai ni spishi peke yake sasa. Hili lina uzito wa kweli kwenye uhifadhi, maana ukihesabu wote kama mmoja unaweza kuona wako wengi wakati spishi mojawapo inaisha. Tembo wa msitu wa Kongo ndo yalimkuta hayo, kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kaja kuhesabiwa peke yake 2021 tu na hapo hapo akaonekana yuko hatarini kupindukia.

Ua la Usambara nalo ni ushahidi. Lile la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima lilitoka kwenye milima ya Tanga, mbegu zikapelekwa na afisa wa Kijerumani, Baron von Saint Paul, na 1893 likapewa jenasi kwa jina lake, Saintpaulia. Mwaka 2015 vinasaba vikaonyesha liko ndani ya jenasi nyingine, Streptocarpus, jina la Baron likaondoka, na waliolizoea walilalamika sana.

Migunga sasa ndo tofauti. Ilithibitika kwamba Acacia, jenasi iliyokuwa na migunga, si ukoo mmoja, ikabidi igawanywe, hapo hakuna ubishi. Ubishi ni nani abaki na jina. Kwa kanuni jina lilikuwa la kwetu maana mmea wa kielelezo, yaani ule ambao jina limefungwa kwake, ulikuwa mgunga wa Afrika. Australia walikuwa na spishi nyingi zaidi, karibu elfu, wakaomba kielelezo kihamishwe kwao, mkutano wa wataalamu wa mimea duniani wa Vienna 2005 ukapitisha, Melbourne 2011 ukathibitisha, na migunga yetu ikawa Vachellia na Senegalia. Wataalamu wengi wa Afrika walipinga. Mi naamini tulionewa na nasema hivo waziwazi, ila wanafunzi waelewe kwamba hapo kilichopigiwa kura ni jina, undugu wa miti haukupigiwa kura na hauwezi kupigiwa.

*

*Kaka mkubwa, mimi ni Mkongo nasoma Brussels. Ni kweli Linnaeus alipanga hadi watu? Na kama ni kweli kwanini bado tunamtukuza?*
– Msomaji, Brussels

Ni kweli mdogo wangu. 1735 aliwagawa binadamu makundi manne kwa mabara na rangi, na 1758 akaongeza tabia. Mzungu akamwandika kuwa ni mwerevu mwenye kufuata taratibu. Mwafrika, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga bara lake, akamwandika mvivu, mzembe, anayeongozwa na matakwa yake ya muda ule. Hakuna hata chembe ya uchunguzi pale, ni maneno ya wafanyabiashara na wasafiri yaliyowekwa kwenye ngazi zile zile zilizobeba maua na samaki, na kwa kukaa pale yakaonekana sayansi. Miaka mia mbili iliyofuata watu walitumia mpango huo kuhalalisha utumwa na ukoloni, na nyie wa Kongo sina haja ya kuwaeleza hayo.

Kazi ya vinasaba imeubomoa kabisa. Mwaka 1972 Richard Lewontin, mtaalamu wa vinasaba, alipima akakuta kama asilimia 85 ya tofauti za kurithi kati ya binadamu zimo ndani ya jamii moja moja, sio kati ya hayo makundi makuu ya rangi. Na tofauti nyingi kuliko kwingine kokote ziko Afrika kwenyewe, maana binadamu wote ndo walitokea hapa. Yaani ukitumia njia ile ile ya nasaba niliyomweleza mama wa Kisumu, makundi manne ya Linnaeus hayasimami hata dakika moja.

Mi simtukuzi, natumia majina yake mawili mawili kwa sababu yanafanya kazi. Na majina yenyewe yanaweza kusafishwa: Julai 2024 mkutano wa mimea wa Madrid ulipiga kura kuondoa neno *caffra* kwenye majina ya mimea zaidi ya 200, neno lililotokana na tusi walilokuwa wanaitwa watu weusi kusini mwa Afrika, likabadilishwa kuwa *affra*. Pendekezo lilitoka Afrika Kusini, kura 351 kwa 205. Nilifurahi sana siku ile.

*

*Habari za kazi mwalimu. Ni mkulima wa Rungwe. Nikiona mdudu au mmea ambao hata wazee hawaujui nifanyeje, au kugundua ni kwa wazungu tu?*
– Mkulima, Rungwe

Salama ndugu yangu, na wewe unaniuliza hilo ukiwa Rungwe! Kwenye mlima wenu, 2003, watafiti walisikia wawindaji wanaongelea nyani mmoja wa ajabu, kipunji, wakadhani labda ni hadithi, wakafuatilia mpaka wakamuona. Mwaka 2005 akatangazwa spishi mpya, na 2006 baada ya mmoja kufa kwenye mtego shambani na kupimwa vinasaba ikaonekana jamaa zake wa karibu ni nyani wa kawaida, ila anastahili jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya tumbili na nyani Afrika toka 1923. Kule Udzungwa, 1991, watafiti waliona miguu ya ndege wasiyemjua kwenye sufuria ya kambi. Akawa kwale ambaye ndugu zake wako Asia.

Kwaiyo fanya hivi. Usimuue. Piga picha kadhaa, mgongoni, tumboni, ubavuni, weka kitu kama kiberiti pembeni ukubwa uonekane, andika tarehe, mahali, alikuwa anafanya nini, na jina la kilugha kama lipo hata kwa kijiji kimoja. Mmea, piga picha ya ua, tunda na upande wa chini wa jani. Peleka kwa idara ya mimea au wanyama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mimea pia kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa iliyoko Arusha, na kwa ndugu zetu wa Kenya ni Makumbusho ya Taifa Nairobi yenye hifadhi kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki. Mara nyingi jibu litakuwa ni spishi inayojulikana, usikate tamaa, hata kujua kwamba ipo hapo ulipoiona ni taarifa. Na ukiona wamekutumia jibu bila kuuliza jina la nani aliyeiona kwanza, waandikie tena uwaambie.